Mabati ya Msikiti na Fedha ya Banda la Gemu



Ndugu Waislamu, Ijumaa moja hapa Lamadi, kamati ilipokuwa ikikusanya michango ya mabati, kijana mmoja wa msikiti wetu alinivuta pembeni akanikabidhi bahasha. Kabla sijaifungua akaniuliza: "Ustadh, hii ni fedha ya banda. Inafaa?" Banda lenyewe nalijua, na wazazi wengi wanalijua, kwani wavulana wetu hupitia hapo watokapo madrasa. Ndani mna runinga, mashine za PlayStation zilizochakaa na mabenchi ya mbao, na kila mechi ya mpira ina bei yake.

Sikumjibu siku ile. Mabanda haya tunapoyataja kwenye mimbari husema jambo moja tu, kwamba yanawachelewesha watoto swala ya Maghrib. Ni kweli, na lazima lisemwe. Lakini kijana huyu huswali kwa wakati. Swali lake lilikuwa juu ya mali, na upande wa mali sisi waalimu tumenyamaza.

Kwanza tuijue kazi yenyewe. PlayStation 2 ilianza kuuzwa mwaka 2000, na watengenezaji wake, Sony, waliacha kuitengeneza mwaka 2013. Zilizomo katika mabanda yetu, kwa sehemu kubwa, ni mashine zilizofunguliwa na mafundi zikafanywa zikubali diski za kunakili, na siku hizi hata flashi. Diski moja ya asili huzaa mamia, na anayenufaika na mamia hayo hakumlipa aliyeutengeneza mchezo hata senti moja.

Je, kilichomo ndani ya diski ni mali ya mtu? Wanavyuoni wa zama zetu walihitilafiana. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan hakuitambua haki ya mwandishi kuwa mali inayouzwa. Mwanawe, Mufti Taqi Usmani, ameelekea kuitambua. Kisha Majmau ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, ikapitisha kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni haki zinazolindwa na sharia, wala haijuzu kuzivamia. Serikali yetu nayo ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa hiyo asemaye kuwa jambo hili halina hukumu hajatafuta.

Hoja ninayoisikia zaidi ni kuwa wenye michezo hiyo si Waislamu, na ni matajiri wa Japani na Marekani. Hoja hii inanishangaza. Maquraishi walipokula njama ya kumuua Mtume (s.a.w.), alimwacha Ali (r.a.) Makka ili awarudishie amana zao. Wale walikuwa maadui wenye panga mikononi, na mali yao haikuhalalika kwa uadui wao. Itahalalika vipi mali ya mtu ambaye kosa lake ni kutengeneza mchezo?

Nami sijitoi. Nilirudi kutoka masomoni Khartoum na diski iliyojaa vitabu vya Kiarabu vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, na vingi kati yake vimeandikwa katika kurasa za mwanzo kuwa haki zote zimehifadhiwa. Nimevisomeshea. Wapo wanavyuoni walioruhusu mwanafunzi asiye na uwezo kujinakilia kwa matumizi yake pasipo kufanya biashara, na kwa muda mrefu nimejificha nyuma ya kauli hiyo. Mwenye banda hawezi kujificha hapo, kwa sababu yeye anachuma.

Hata hivyo, nisingekuwa mwadilifu kama ningemhukumu kijana wa Lamadi nikawaacha wauzaji wakubwa, kwani fiqhi ya biashara ina neno kwao pia. Mwaka 2012 kampuni ya Capcom iliuza mchezo uitwao Street Fighter X Tekken. Wanunuzi wakagundua kuwa wapiganaji 12 wamo tayari ndani ya diski waliyokwisha kuilipia, ila wamefungiwa hadi walipe mara ya pili. Ni sawa na mtu kukuuzia nyumba ya vyumba vinne, kisha ukaingia ukakuta kimoja kina kufuli. Mtume (s.a.w.) alikataza kutoa kitu katika kilichouzwa isipokuwa kiwe kinajulikana, kama alivyopokea Tirmidhi kutoka kwa Jabir (r.a.). Basi nyongeza iliyotengenezwa baadaye ikauzwa kwa bei yake ni biashara kama biashara nyingine. Kufuli ambalo mnunuzi hakuambiwa ni ghushi.

Kisha kuna suala la mtumba. Juni 2013 Microsoft walitangaza masharti ya kubana uuzaji wa diski zilizokwisha tumika katika mashine yao ya Xbox One. Watu wakalalamika, na mwezi huohuo wakayaondoa. Aliyenunua kitu amekimiliki, na mwenye kumiliki ana haki ya kuuza. Watu waliomuuza Barira walipotaka kujibakishia haki isiyokuwa yao, Mtume (s.a.w.) alibainisha kuwa sharti lisilokuwa na asili katika Kitabu cha Allah ni batili, hata yakiwa masharti mia. Kwa hiyo diski ya asili iliyotumika, iwe imetoka Dubai au Mwanza, inauzwa na kununuliwa bila wasiwasi.

Michezo inayoshushwa kwa intaneti ina utata zaidi, kwani mnunuzi hubonyeza neno "nunua" na kumbe amekodishiwa tu. Jimbo la California lilipitisha sheria mwaka 2024, iliyoanza kutumika 2025, inayowalazimu wauzaji kulisema hilo wazi. Sisi tunaosomesha tofauti ya bei na ijara hatukuhitaji kungoja California.

Lakini lililonitisha zaidi nililiona nilipokwenda mwenyewe bandani. Katika michezo ya mpira ya siku hizi huuzwa pakiti za wachezaji: unalipa bila kujua utapata nani. Ubelgiji mwaka 2018 ilizihesabu pakiti za namna hiyo kuwa kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza huko pointi za kununulia pakiti za FIFA. Nikadhani kamari hiyo iko mbali nasi. Nikawakuta watoto wawili, mmoja wao mwanafunzi wangu, wanacheza kwa utaratibu wa anayefungwa kulipia mechi ya wote wawili. Huko ndiko kucheza kamari hasa, na Suratul-Maida aya ya 90 inatosha. Mwenye banda hakuuona ubaya wake. Kwake ni namna ya kuwavuta wateja.

Nikamjibu hivi. Runinga, umeme, mabenchi na kazi ya mikono yake ni halali yake, hivyo chumo lake si haramu tupu bali limechanganyika. Aondoe utaratibu wa anayefungwa kulipa leo hii, bila kungoja kesho. Diski za kunakili aziache, atafute za mtumba za asili. Akasema, "Ustadh, za asili ni ghali, na wateja wangu ni watoto wa wavuvi na wakulima wa pamba." Alisema kweli. Tukahesabu pamoja, tukaona ataanza na mashine moja badala ya nne. Upo pia mchezo wa eFootball, ambao Konami wanautoa bure tangu 2021. Unachezwa hata kwenye simu, ila nao una pakiti zake za bahati nasibu, na kwa mtoto mlango huo ufungwe.

Ama bahasha, niliirudisha. Wanavyuoni wengi wanaona kuwa mali yenye doa hutolewa katika maslahi ya watu bila kutarajia thawabu za sadaka, na nyumba ya Allah iepushwe nayo. Nimemshauri atenge kadiri anayodhani imetokana na diski za wizi, ajenge nayo choo pale karibu na banda, ambapo watoto hawana pa kujisitiri. Baadhi ya wazee wa kamati hawakufurahi, kwani upande wa wanawake bado unavuja na masika yamekaribia. Ninaielewa huzuni yao, nami nimeomba nitajwe wa kwanza katika orodha mpya ya michango.

Wallaahu a'lam.