Hadhira Isiyonyamaza: Tamthilia za Runinga Vinywani mwa Watazamaji wa Rabai

Sisi wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili tumefundishwa kwamba fasihi simulizi husimama juu ya nguzo mbili zisizotengana: fanani na hadhira. Fanani husema "Paukwa!" na hadhira haina budi kujibu "Pakawa!", isipojibu, hakuna ngano. Tumefundishwa vilevile kwamba runinga ilikuja kuiangusha nguzo ya pili, kwa kuwa kioo husema lakini hakisikii. Kauli hiyo imerudiwa madarasani hadi ikaonekana haina mpinzani. Makala haya yanaipinga. Ninashikilia kuwa hadhira haikunyamaza hata siku moja. Ilichofanya ni kuliahirisha jibu lake hadi asubuhi, na jibu hilo, yaani mazungumzo ya mashabiki kuhusu kipindi cha jana, lina fani na maudhui yanayostahili kuhakikiwa kama tunavyoihakiki riwaya.

Mfano wangu ni Rabai, katika Kaunti ya Kilifi, mwendo mfupi kutoka Mazeras kwenye barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Msomaji wa historia ya lugha yetu anapafahamu mahali hapo kwa sababu ya Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyepiga kambi huko mwaka 1846 pamoja na mwenzake Johannes Rebmann. Kamusi ya Kiswahili aliyoiandaa Krapf ilichapishwa London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na kanisa la zamani la Rabai siku hizi ni makumbusho. Wageni huishia hapo. Wenyeji, hata hivyo, hawaishi ndani ya makumbusho. Ni watu wa minazi, wenye Kirabai chao, mojawapo ya ndimi tisa za Wamijikenda, na wenye Kiswahili cha sokoni, shuleni na ibadani. Jioni wanatazama runinga kama Wakenya wengine.

Si kila nyumba ina runinga, na si kila yenye runinga huwa na stima au king'amuzi kinachofanya kazi usiku kucha. Tunakumbuka jinsi Februari 2015, katika mvutano wa kuhamia mfumo wa dijitali, vituo vya Citizen, NTV na KTN vilivyotoweka hewani kwa zaidi ya majuma mawili. Viliporejea, nyumba isiyo na king'amuzi iliendelea kukaa gizani. Mchumi ataona upungufu hapo. Mtu wa fasihi anapaswa kuona chimbuko la usimulizi, maana aliyeona hana budi kumsimulia ambaye hakuona. Asubuhi, kwenye foleni ya mitungi penye bomba la maji, mazungumzo huenda namna hii:

"Shoga, jana stima zilipotea kwetu. Yule bibi alikwisha kuijua ile barua?"

"Barua gani tena? Barua imeliwa na moto! Ngoja nikueleze tangu mwanzo."

"Mwanzo naujua. Nianzie alipoingia chumbani."

"Haya. Yuaingia hivi, taratiibu, mlango hata haukulia. Mama mkwe yuko nyuma ya pazia, pumzi kaibana..."

"Mama mkwe huyo! Hata kwetu yuko mmoja."

Tuyatazame maneno hayo kwa jicho la mhakiki. Msikilizaji ndiye aliyechagua pa kuanzia, haki ambayo runinga haimpi. Msimulizi ametumia wakati uliopo, "yuaingia", kwa umbo la pwani, ilhali kipindi kilirushwa jana. Tukio limeng'olewa kwenye saa ya kituo na kuwekwa mbele ya macho ya waliopo. Matangazo ya sabuni yamefyekwa yote. Pumzi iliyobanwa nyuma ya pazia huenda haikuonekana kwenye kioo. Mwanamke huyu ameiongeza kwa sababu anajua mtu aliyejificha hupumua vipi. Kamera ina taa zake, lakini msimulizi ana shingo, macho na leso anayoweza kuigeuza pazia papo hapo. Nalo lile neno la mwisho, "hata kwetu yuko mmoja", ni hadhira ikiingia ndani ya ngano kwa miguu miwili. Huo ndio ushirikishi tunaouandikia insha katika mitihani bila ya kutoka nje kuusikiliza.

Jambo la lugha lanivutia zaidi. Katika miaka ya 2000 runinga za Kenya zilijaa tamthilia za Meksiko zilizotiwa sauti za Kiingereza. Zilichezwa kwa Kihispania, zikasemeshwa Kiingereza, kisha zikafika bombani na kusimuliwa kwa Kiswahili chenye Kirabai ndani yake. Kuna wasikilizaji ambao hawakuwa na Kiingereza cha kufuata kipindi kizima, na bado waliweza kubishana juu ya nia ya mhusika kuliko waliokielewa kila neno. Tafsiri hizo hazikuandikwa, wala hakuna aliyezihesabu kuwa tafsiri. Sisi tunaosoma nadharia za tafsiri kwa mifano ya Shakespeare wa Mwalimu Nyerere tulipita karibu nazo tukielekea steji kutafuta matatu.

Wengine wamekuwa wepesi kuliko sisi. Dar es Salaam ilipata mafundi wa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya picha zenyewe, maarufu wao akiwa Lufufu. Kwetu Kenya DJ Afro amejizolea mashabiki kwa kazi hiyohiyo. Mtafiti Mjerumani, Matthias Krings, aliandika mwaka 2010 makala kuhusu mafundi hao wa Tanzania, na katika anwani yake kazi yao imefananishwa na kuugeuza wali kuwa pilau. Fananisho hilo ni zuri, ila mafundi hao wanalipwa na majina yao yamo kwenye kanda. Yule wa bombani hupika pilau kwa mchele wa kuazima na hajui kama kuna aliyekula akashiba.

Asije mtu akaniambia kwamba haya ni porojo zisizo na uzito. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa *Twende na Wakati*, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Watafiti wakiongozwa na Everett Rogers walilinganisha maeneo uliposikika na Dodoma, ambako haukurushwa hadi mwaka 1995. Walipochunguza jinsi mchezo ulivyobadili mienendo ya watu, walikuta kwamba mazungumzo ya wasikilizaji wenyewe, mke na mume, jirani na jirani, yalikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mchezo ulitupa mbegu, waliozungumza wakaipalilia. Ikiwa wataalamu wa afya walilitambua hilo miaka ya tisini, sembuse sisi ambao mazungumzo ndiyo shamba letu?

Vipo pia vipindi vya moja kwa moja, mubashara kama wasemavyo watangazaji. Hapo jibu haliahirishwi. Mahakama ya Juu iliposikiliza kesi za uchaguzi wa urais mwaka 2013, 2017 na 2022, nchi nzima iliketi mbele ya runinga, na wazee waliozoea *Vioja Mahakamani* ya KBC walikuwa na mahakama ya kuilinganisha nayo. Wakili alipewa lakabu kabla hajamaliza hoja ya kwanza. Walimjibu jaji, walimkatiza, walimshauri, wakijua fika kwamba hawasikii. Ni tabia ileile ya ngano: mtambaji husema "akaenda", na mtoto hujibu "asiende!"

Nirudi kwenye tamthilia, kwa maana ndiko kwenye jambo lenye uchungu. Wasomi hupenda kuwacheka mashabiki kwa kumchanganya mwigizaji na mhusika. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mzee Ojwang wa *Vitimbi* hadi kaburini. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, alililiwa kwa jina la Papa Shirandula. Mimi sioni ujinga hapo. Mashabiki walijua vyema kwamba Wanjau hakuwa Mjaluo, na ujuzi huo ndio uliowafanya waipende lafudhi yake. Lafudhi ya kuigiza ilikuwa mchezo uliokubaliwa na pande zote mbili, na Mzee Ojwang, pamoja na vituko vyake, alibaki baba wa nyumba mwenye heshima.

Je, mtu wa pwani ameigizwa kwa heshima hiyo? Tamthilia za Kiswahili zenye mandhari ya pwani zimeongezeka, na *Sultana* ya Citizen, iliyoanza mwaka 2022 na yenye msichana kipofu kama mhusika mkuu, ilipendwa mno. Kupendwa huko hakukuwazuia mashabiki wa Rabai kuwa wakali. Huwasikia wakichambua neno kwa neno: huyu asema Kimvita cha kukariri, yule ametoka bara juzi, yule mwingine "nduguye" wake ni wa kitabuni. Wakiona sehemu tatu zimepita na hakuna lililotendeka ila watu kuingia na kutoka sebuleni, hukumbushana kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo ikisemwa mangweni, mbele ya mgema mwenyewe na tembo lake, ina ncha ambayo haipo katika vitabu vya shule.

Lakini mhusika wa Kimijikenda hubaki yuleyule kutoka igizo hadi igizo: mganga mwenye hirizi au mzee mwenye macho mekundu ajuaye kuroga. Mwandishi wa Nairobi huenda akadhani huo ni utani tu. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi nyuma ya shuku kukiwa na ugomvi wa shamba, na Kaya Godoma huko Ganze imekuwa kimbilio la wazee waliotishwa makwao. Mvi, ambazo mila inaziheshimu, zimegeuzwa ushahidi. Katika hali hiyo mganga wa kwenye kioo si pambo la hadithi.

Nilipata kuketi Rabai katika nyumba moja jioni, wajukuu mkekani, babu yao kitini. Mganga alipojitokeza kwenye kioo na nywele zake nyeupe, watoto waligeuka mmoja baada ya mwingine kumtazama mzee. Akasema kwa sauti ya chini, "Wajukuu zangu, yule amevalishwa. Hizi zangu nimezaliwa nazo zikiwa nyeusi." Watoto walicheka. Mmoja akauliza, "Kwa hivyo babu, yule si mzee?" "Yule ni kijana aliyepakwa unga," akajibu, kisha akaanza kuwaeleza jinsi waganga halisi aliowajua utotoni walivyokuwa, dawa zao na miiko yao, na muda wote huo tamthilia ikiendelea bila msikilizaji. Hakuna barua kwa mhariri wala amri ya serikali ambayo ingeifanya kazi hiyo upesi vile. Sentensi tatu zilimtenga mwigizaji na mhusika, na mhusika na mzee wa nyumbani. Na fikiria nyumba ambamo mzee huyo hayupo, au yupo na hakuna anayemjibu, au aliye karibu na watoto ni yule mjomba mwenye macho kwenye shamba.

Ndiyo sababu ninasisitiza kwamba mazungumzo haya yana uzito wa maisha na kifo, na kwamba watayarishaji wa vipindi wakitaka kuiandika pwani waanze kwa kusikiliza inavyowajibu. Mfano wa kusikiliza tunao. Mwaka 1977 kule Kamiriithu mazoezi ya *Ngaahika Ndeenda* yalifanywa hadharani, wanakijiji wakiyakosoa na kuyasahihisha kabla ya onyesho. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo, jambo linaloonyesha jinsi hadhira iliyopewa nafasi inavyoogopwa.

Sidai kwamba kila porojo ya mashabiki ni lulu. Nyingi ni umbeya juu ya ndoa za waigizaji, na umbeya mwingine ni wa kuumiza. Lakini riwaya nazo si zote nzuri, na hatujaacha kuzisoma.

Kwa wanachama wenzangu wanaotafuta mada ya tasnifu, kazi ipo na si ya gharama kubwa. Chagua sehemu moja ya tamthilia, itazame, kisha sikiliza watu watatu wakiisimulia siku ya pili, na uandike walichoacha, walichoongeza, nani aliwakatiza na kwa lugha gani. Krapf alifika Rabai bila kujua Kirabai, akaketi na watu, akauliza maneno. Sisi tuna faida ya kujua lugha na simu za kurekodia. Kinachohitajika ni idhini ya wasemaji, na hapo mwanafunzi ajihadhari: wanaume wa mangweni wataomba kwanza kujua kama ametumwa na chifu. Ni heri aanze bombani, tena mapema, kabla ya saa mbili asubuhi. Baada ya hapo mitungi huwa imekwisha kujaa, na kipindi cha jana kimekwisha kusimuliwa.