Wokovu wa Marudio

Kitambo sijaandika, si mnajua likizo nilikuwa Geita, kule Nyarugusu kwa mjomba. Nimerudi chuo juzi na nina dukuduku, tena litawagusa hasa nyie wenzangu wa maombi ya Jumatano jioni.

Kwa wasiojua, marudio ni ule mchanga ambao umeshasagwa kwenye karasha, ukaoshwa, dhahabu ikatolewa, halafu mtu anauchukua tena kusaka kilichosalia. Wanapata kitu, sikatai. Ila hakuna anayejidanganya kwamba yuko kwenye mwamba mpya. Sisi ndio tunajidanganya. Muulize mtu ushuhuda wake: "Niliokoka kidato cha pili, kambi ya Pasaka." Sasa hivi yuko mwaka wa tatu chuo kikuu! Huo mchanga umeoshwa mara ngapi jamani? Tumebweteka. Mapambio yote tunayajua, kupaza sauti tunajua, tukifika nyumbani tunafunga mdomo.

Naanza na mimi mwenyewe. Mjomba ni mzee wa kanisa, Jumapili hakosi. Siku ya pili tu baada ya mimi kufika, duara lake jipya likafunguliwa. Akaja mganga, mbuzi mweusi akachinjwa pale mdomoni mwa shimo, damu ikanyunyizwa kwenye matimba. Nikauliza kwa upole, "Mjomba, na hii?" Akacheka. "Mpwa wangu, Jumapili ni ya Mungu, shimo lina wenyewe." Jioni nikala pilau ya yule mbuzi, na sahani ya pili nikaongeza. Bumu mnalijua lilivyo, pengo la ada analiziba mjomba.

Mtasema mbuzi tu, tatizo nini? Nyie! Septemba 2009 Mahakama Kuu ilikaa Kahama ikawahukumu kunyongwa wanaume watatu kwa kumuua mtoto wa miaka 14 mwenye ualbino, wa Bukombe, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga. Februari 2015, Chato, mtoto mdogo mwenye ualbino aliporwa kwa mama yake akauawa. Viungo vyao vinasakwa na watu wanaoamini vinaleta utajiri, migodini na ziwani. Mjomba hajamdhuru mtu, na simfananishi na wauaji. Lakini imani kwamba dhahabu inadai damu ni ile ile. Na ukanda huu toka Shinyanga mpaka Geita umejaa makanisa! Wapo wachungaji waliokemea, nisiwadhulumu. Sisi wengine tulikuwa mazoezi ya kwaya.

Someni Ufunuo sura ya 3, habari za Laodikia. Mji wa pesa, kanisa likajiona halipungukiwi kitu, likaambiwa likanunue dhahabu iliyopita motoni. Watu wa kwetu tulipaswa kuielewa sura hiyo kuliko wote, maana tumeona: ukichoma, zebaki inaruka, kinachobaki kwenye kikaango ndicho ulichonacho. Wakati mwingine ni kapunje.

Najua kuna atakayeniambia "usihukumu". Sawa mpendwa. Ila kunyamaza kwangu siku ile hakukuwa upendo, ilikuwa ada.

Jumamosi nampigia mjomba. Sijui nitaanzia wapi, labda shikamoo kwanza, halafu nimwambie kuhusu ile sahani ya pili. Ada ya muhula ujao bado hajatuma.