Saratani ya matiti: Picha mpya za MRI na foleni ya kinyama Kilimanjaro

WATAALAMU wa picha za tiba duniani wanazidi kuutumia mtambo wa MRI kuchunguza uvimbe wa titi kwa kupima jinsi maji yanavyotembea ndani yake. Mbinu hiyo, iitwayo difusheni, haihitaji sindano ya dawa ya kung'arisha picha. Lakini mwanamke wa Machame au Rombo anakabiliwa kwanza na swali jingine: majibu ya kinyama atayapata baada ya siku ngapi?

Kanuni yenyewe si ngumu. Katika tishu ya kawaida maji hupata nafasi ya kuzunguka. Katika saratani seli zimesongamana, maji hubanwa, na mtambo hukitafsiri kizuizi hicho kuwa tarakimu. Tarakimu ikishuka, shaka ya saratani hupanda. Hata hivyo, haimwambii daktari kwa uhakika iwapo uvimbe una vipokezi vya homoni, jambo linaloamua dawa. Hilo hujibiwa na kinyama.

KCMC, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, ilipata kituo chake cha saratani Desemba 2016. Ni hatua kubwa, kwani Ocean Road, Dar es Salaam, iko umbali wa zaidi ya kilomita 500. Lakini tathmini ya kitaifa ya mwaka 2017 ilieleza kuwa takriban asilimia 80 ya wagonjwa wa saratani ya matiti nchini hugundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Uvimbe wa hatua hiyo mara nyingi hushikika kwa mkono. Hausubiri difusheni ili utiliwe shaka.

Hapa ndipo mjadala unapogeuka. Wagonjwa wengi wa hatua ya tatu huanza na dawa kabla ya upasuaji, nazo ni ghali na zinachosha mwili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa, baada ya wiki 12 za dawa, difusheni ilidokeza nani anaitikia tiba. Ilidokeza tu, kwa kiasi cha wastani. Kwa maoni ya mwandishi, matumizi hayo ndiyo yenye maana zaidi kwa Moshi.

Shirika la Afya Duniani lilitaka mwaka 2023 uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60. Siku hizo huliwa na nauli: kushuka Moshi kupimwa, kushuka tena kutolewa kinyama, kushuka mara ya tatu kufuata majibu. Utrasaundi na sindano ya kinyama vikipatikana kwa uhakika katika hospitali za mlimani, kama Machame, Kibosho na Huruma ya Rombo, kitakachosafiri kwenda maabara ni kichupa, na mgonjwa atabaki nyumbani.