Filamu Iliyomnyima Mario Miguu Yake

Ndugu mtahiniwa, huenda umewahi kumchezesha Mario, yule fundi bomba mwenye masharubu na kofia nyekundu, kwenye simu ya kaka yako au kwenye mashine ya kulipia. Gemu la Super Mario Bros. lilitolewa na kampuni ya Nintendo ya Japani mwaka 1985, nalo halina hadithi ndefu: binti mfalme ametekwa, Mario anakwenda kumkomboa. Utamu wote uko katika kuruka. Unaruka shimo, unamkanyaga adui kichwani, unagonga tofali kutoka chini na sarafu inachomoka. Ukikosea kidogo tu umekufa, unaanza tena.

Mwaka 1993 ikaja filamu yenye jina hilohilo, iliyoongozwa na Rocky Morton na Annabel Jankel. Mimi niliiona kwenye banda la video nikiwa na umri kama wako, nikatoka nimenuna. Nilipoulizwa kwa nini, nilisema tu "mbaya", jibu ambalo msahihishaji halipi hata alama moja. Ngoja nijaribu tena.

Tazama mandhari. Badala ya anga la buluu, vilima na uyoga, filamu inatupeleka katika jiji la giza wanakoishi watu waliotokana na dinosaria. Wahusika nao wamegeuzwa. Koopa, ambaye katika gemu ni zimwi lenye gamba la kobe, hapa ni mwanamume wa suti, akiigizwa na Dennis Hopper. Wale Goomba wafupi wenye umbo la uyoga wamekuwa majitu marefu yenye vichwa vidogo vya mjusi.

Lakini usiishie kuhesabu vilivyobadilishwa; hoja haijakamilika hapo. Kazi yoyote inayohamishwa kutoka umbo moja kwenda jingine lazima ibadilike. Jiulize kwanza: kazi ya awali ilisimama juu ya nini? Hii ilisimama juu ya miguu ya Mario. Na katika filamu, ili Mario aruke kweli, inabidi avae viatu vya mashine! Kilichokuwa kipaji chake kimekuwa kifaa cha kuazima. Kwangu mimi, kosa hilo linawazidi dinosaria wote.

Wapo wanaoitetea, na hawakosi hoja. Jiji lile lilijengwa kwa ustadi, na Bob Hoskins aliyeigiza Mario alijituma, ingawa baadaye yeye mwenyewe aliitaja kuwa kazi mbaya kuliko zote alizowahi kufanya. Ubunifu ulikuwepo. Ila ulitumika kulikimbia gemu, kana kwamba waandaaji walilionea aibu.

Linganisha na filamu ya katuni ya mwaka 2023. Hadithi yake ni nyepesi, pengine nyepesi mno. Hata hivyo, mapema kabisa, gari la Mario na Luigi linaharibika wakiwahi kazi huko Brooklyn. Wanakatiza eneo la ujenzi mbio, tukiwatazama kwa ubavuni kama kwenye gemu, na Mario anaruka kizuizi kimoja baada ya kingine kwa miguu yake mwenyewe, huku Luigi akihangaika nyuma na mizigo.