Hema la Kifahari na Haki ya Mwenyeji



Juma lililopita tulikuwa tukijifunza ngeli ya LI-YA, nami nikalitoa neno "hema" liwe mfano: hema limesimama, mahema yamesimama. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa mashariki ya Rwanda yetu, akainua mkono. Akasema kwamba kwao, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Akagera, yapo mahema yasiyobebwa mgongoni wala kukunjwa asubuhi. Yamesimamishwa juu ya sakafu za mbao, yana vitanda vyenye shuka nyeupe, bafu la maji ya moto na kibaraza cha kutazamia viboko. Na katika baadhi yake, malipo ya usiku mmoja hupita mshahara wa mwezi wa mwalimu wake. Darasa zima likacheka, nami nikacheka. Kisha akauliza: "Mwalimu, hayo nayo ni mahema?"

Siku ile sikumjibu. Leo namjibu, nawe usikilize, kwa kuwa swali lake si la sarufi peke yake. Ni swali la uraia.

Tuanze na neno. Waingereza wameunganisha neno lao la fahari na lile la kupiga kambi, wakapata jina moja la utalii wa namna hii. Sisi tunaweza kusema "kambi ya kifahari", na kila mtu ataelewa. Neno "hema" lenyewe lina asili ya Kiarabu, na Kinyarwanda nacho kinalo: ihema. Ziwa kubwa kuliko yote ndani ya Akagera linaitwa Ihema. Inasimuliwa kwamba lilipata jina hilo kwa sababu mpelelezi Henry Morton Stanley alipiga hema lake huko mwaka 1876. Basi tazama, ewe mwanafunzi: ziwa letu limebeba kumbukumbu ya hema la mgeni. Jina hilo litoshe kutufanya tuulize mgeni huacha nini anapong'oa vigingi vyake.

Akagera ni nchi ya vilima na maziwa. Upande wa mashariki, kandokando ya mpaka wa Tanzania, maziwa yamefuatana katikati ya mafunjo: Ihema, Shakani, Hago, Rwanyakazinga, Mihindi. Upande wa magharibi na kaskazini vilima vya majani vinapanda, na Mutumba, kilicho kirefu kuliko vyote, hupita mita 1,800. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1934. Baada ya vita na mauaji ya kimbari, wakimbizi wengi walirejea na ng'ombe wao wakiwa hawana pa kuishi, hata mwaka 1997 zaidi ya nusu ya eneo la hifadhi likatengwa kwa ajili yao. Simba waliwawinda ng'ombe, wafugaji wakawatilia simba sumu, na mngurumo ukanyamaza kwa miaka mingi.

Hali ya leo ni nyingine. Tangu mwaka 2010 hifadhi inaendeshwa kwa ubia kati ya Bodi ya Maendeleo ya Rwanda na shirika la African Parks. Mwaka 2013 ulikamilika uzio wa umeme wa urefu wa kilomita 120 katika mpaka wa magharibi. Mwaka 2015 waliletwa simba saba kutoka Afrika Kusini, na mwaka 2017 wakaja vifaru weusi. Kazi hii haifanyiki kwa maneno matamu. Askari wa wanyamapori hula, huvaa na hulipwa. Uzio hukatika ukatengenezwa. Fedha za mgeni anayelala katika hema la kifahari husaidia kuyagharimia hayo.

Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wale wanaoyalaani mahema haya. Hema lina adabu yake kuliko hoteli ya ghorofa: halichimbi msingi mrefu, na likiondolewa, majani huweza kurudi. Wageni wachache wanaolipa sana huichosha ardhi kidogo kuliko umati unaolipa kidogo. Hoja hizi ni za kweli, na mtu mwadilifu huzitaja kwanza kabla ya kutoa lawama.

Lakini wahenga wamesema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huandikwa milangoni mwa nyumba za wageni, na wengi huisoma nusu yake tu. Nusu ya kwanza tumeifanyia kazi sana: tumetengeneza barabara, tumetandika shuka, tumechapisha picha za machweo ya jua. Je, nusu ya pili? Chunguza neno "mwenyeji". Ndani yake umo "mwenye", na umo mji. Mwenyeji ni mwenye mji. Kambi ya kifahari ihukumiwe kwa namna mwenye mji anavyopona, wala isihukumiwe kwa ulaini wa mito yake.

Na mwenye mji wa Akagera ni nani? Ni mkulima wa Kayonza, wa Gatsibo na wa Nyagatare, anayeishi nje ya uzio. Kabla ya uzio kukamilika, nyati na tembo walikuwa wakimlia mazao yake usiku. Baada ya uzio mahindi yake yana usalama zaidi, lakini malisho, kuni na maji yaliyobaki upande wa pili si yake tena. Amelipa gharama ya uzuri ule ambao mgeni huutazama kutoka kibarazani. Tukimwambia kwamba hifadhi ni mali ya taifa, anayo haki ya kuuliza fungu lake liko wapi.

Nami nakupa maswali matatu, uyabebe kila uendapo.

La kwanza: fedha zinakwenda wapi? Tangu mwaka 2005 nchi yetu ina utaratibu wa kugawa sehemu ya mapato ya utalii wa hifadhi kwa jamii zinazozizunguka. Sehemu hiyo ilikuwa asilimia 5, na mwaka 2017 ikapandishwa kuwa asilimia 10. Fedha hizo hulipia miradi ya jamii kama madarasa, vituo vya afya na maji. Huo ni utaratibu mzuri. Lakini haki isiyojulikana na mwenye haki ni kama sarafu iliyoshonewa ndani ya pindo la nguo: ipo, ila hainunui kitu. Wewe uliyesoma, siku ya mkutano wa wananchi kijijini kwenu, simama kwa heshima uulize: asilimia 10 ya mwaka huu imejenga nini, na nani aliuchagua mradi huo?

La pili: nani anafanya kazi, na chakula kinanunuliwa kwa nani? Kambi yaweza kuwa katikati ya wilaya yenye nyanya, mayai na ndizi tele, nayo ikaleta vyote kwa gari kutoka mji mkuu. Kambi ya namna hiyo imepanga ardhi yetu lakini haijakaa nasi. Akagera ipo mifano ya kutia moyo: wapo waongozaji wageni wanaotoka katika vijiji vya jirani, na kipo chama cha ushirika cha wavuvi katika Ziwa Ihema. Na hapa, mwanafunzi wangu, somo letu lina kazi. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017. Mgeni kutoka Mombasa, Arusha au Bujumbura akipokelewa kwa lugha anayoifahamu, aliyempokea anakuwa mwenyeji hasa, si mchukuzi wa mizigo tu.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi: je, raia mwenyewe ana pa kulala katika hifadhi yake? Wanyarwanda wengi huzuru Akagera; kwa miaka kadhaa wamekuwa karibu nusu ya wageni wote. Lakini wengi huingia asubuhi na kutoka jioni. Hawasikii simba akinguruma usiku, wala hawaoni ukungu ukiinuka ziwani alfajiri. Vipo viwanja vya kupigia kambi za kawaida: Shakani kando ya ziwa, Muyumbu na Mutumba juu ya vilima. Hivyo vilindwe. Maoni yangu ni haya: popote serikali inaporuhusu kambi ya kifahari, mkataba uilazimishe kuwepo kiwanja cha bei nafuu kwa wananchi, tena mahali penye uzuri ule ule, si nyuma ya karakana wala mahali ambapo upepo huleta moshi wa jenereta.

Najua nitaambiwa kwamba bei nafuu huleta kelele na takataka. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 na watu wake wakatii, nchi ambayo raia wake hutoka kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kufanya umuganda, haiwezi kuogopa kwamba watu hao hao hawataweza kuzima moto wao wa kambi na kuondoka na taka zao. Weka idadi, weka kanuni, toza faini. Usimfungie mtu mlango kwa sababu tu mfuko wake ni mwepesi. Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, na inamtwika wajibu wa kuyalinda. Ni vigumu kumfundisha mtu kulilinda ziwa ambalo hajapata kulala kando yake.

Sasa nirudi kwa mwanafunzi wangu. Kisarufi, ndiyo, hayo nayo ni mahema: yanaingia katika ngeli ya LI-YA kama lile la turubai kuukuu analojikunja ndani yake mchungaji. Kiuraia, jibu linategemea. Kama mwenye mji amepona kwa ujio wa mgeni, hema hilo ni la baraka, hata likiwa na zulia. Kama hakupona, basi ni ukuta wa kitambaa uliosimamishwa kati ya raia na mali yake.

Likizo ijayo, wewe na wenzako wanne changeni nauli, azimeni hema, mkalale Shakani. Asubuhi mkimaliza kukunja, andikeni insha ya kurasa mbili kwa Kiswahili: mliona nini, mlilipa kiasi gani, na jirani wa hifadhi aliwaambia nini mlipomuuliza fungu lake. Nitazisoma zote, nami nitasahihisha sarufi tu. Maoni yabaki kuwa yenu.