Kichina na kompyuta: mwalimu aanze kwa kuuliza wanafunzi wanapenda kula nini

Tangu mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008, na zaidi tangu kampuni ya CMOC iliponunua sehemu kubwa ya mgodi wa Tenke Fungurume kunako mwaka 2016, kazi nyingi za Lualaba na Haut-Katanga ziko mikononi mwa wakubwa wa kazi wanaosema Kichina. Kifaransa chao ni kidogo, na Kiswahili chao ni kile cha kuhesabu magunia. Wafanyabiashara wa Goma, Bukavu na Butembo, kwa upande wao, wanaijua njia ya Guangzhou kwa miaka mingi. Kati ya pande hizo mbili anasimama mkalimani, na asiyekuwa na mkalimani anaonyesha kwa kidole, anatia sahihi karatasi asiyoielewa, kisha anarudi nyumbani kungojea mshahara.

Si ajabu basi kuona wazazi wakitafuta mahali pa kuwafundishia watoto Kichina. Shida iko katika namna ya kufundisha. Mara nyingi ni mwalimu mbele ya ubao, na wanafunzi wanakariri pamoja: salamu, siku za juma, viungo vya mwili. Miezi inapita, kijana anajua kusalimia vizuri sana, lakini akiulizwa swali moja ambalo haliko katika daftari lake, ananyamaza. Katika chumba cha pili kuna somo la informatiki. Huko nako, katika mashule mengi, klavye imechorwa kwa chaki na mwanafunzi anapata pointi kwa kutaja sehemu za kompyuta ambayo hajawahi kuigusa. Masomo mawili, ugonjwa mmoja: mtoto anajifunza maneno ya kitu bila kukifanya kitu chenyewe.

Walimu wa Kichina wa inchi zingine wana zoezi moja ambalo lingefaa mashule ya mashariki na ya kusini mwa Congo. Ni uchunguzi mdogo juu ya chakula, unaofanywa na wanafunzi wenyewe. Kila mmoja anapewa karatasi na swali moja: Nǐ xǐhuan chī shénme? Yaani, unapenda kula nini? Anazunguka darasani, anauliza wenzake kumi au kumi na tano, anaandika majibu. Baadaye majibu yote yanaingizwa katika jedwali la kompyuta, yanahesabiwa, yanageuzwa kuwa mchoro wa nguzo, na kila kikundi kinasimama kueleza mchoro wake kwa Kichina.

Ukiutazama kwa haraka ni mchezo wa watoto. Lakini angalia kazi iliyomo. Aliyeuliza swali lile mara kumi na tano halisahau tena, na kila mara alipaswa kusikiliza jibu asilolijua mbele. Hapo ndipo sauti za Kichina zinapoanza kuwa na maana. Tāng, kwa sauti ya juu iliyonyooka, ni supu. Táng, kwa sauti inayopanda, ni sukari. Mwalimu anaweza kueleza tofauti hiyo kwa saa nzima bila kueleweka. Mwanafunzi akiandikiwa kwamba anapenda sukari, wakati yeye alisema supu, atajisahihisha mwenyewe, na darasa lote litacheka na kukumbuka.

Hesabu nazo zinaingia bila kulazimishwa. Kwa msemaji wa Kiswahili ni sehemu rahisi: kumi na mbili ni shí'èr, yaani kumi-mbili, na ishirini na tatu ni èrshísān, mbili-kumi-tatu. Akisema shí'èr ge rén xǐhuan chī yú, ametangaza kwamba watu kumi na wawili wanapenda samaki. Sentensi hiyo hakuikariri. Ni habari ya kweli kuhusu darasa lake.

Kisha inakuja kompyuta, na hapa ndipo zoezi linapozidi kuwa na faida. Kichina hakina herufi ishirini na sita za kubonyeza. Mtu anaandika matamshi kwa herufi za Kilatini, kwa utaratibu unaoitwa pinyin, uliotangazwa rasmi na China mwaka 1958, halafu kompyuta inamletea orodha ya alama zinazosomwa hivyo. Akiandika «yu» anapata alama ya samaki, alama ya mvua na nyingine nyingi. Ni lazima aitambue 鱼 kati ya ndugu zake. Kwa hiyo kuandika ni kusoma, na hawezi kuwa mzuri katika kimoja akawa mvivu katika kingine. Huko Marekani, mtihani wa AP wa Kichina unaofanywa na wanafunzi wa sekondari ulianza mwaka 2007 ukiwa tayari ni wa kompyuta: mtahiniwa anaandika majibu yake kwa klavye. Walioutayarisha walijua kwamba mtu wa leo anaandika Kichina hivyo, iwe ofisini au kwenye simu.

Katika jedwali, mwanafunzi anakutana na kazi ambayo atairudia maisha yake yote: safu na mistari, kupanga, kujumlisha. Katika programu za Kifaransa zinazotumiwa Congo, amri ya NB.SI inahesabu ni mara ngapi neno limeonekana. Kama wanafunzi wawili waliandika 鱼 na wa tatu akaandika «yu» kwa Kilatini, kompyuta itahesabu wawili tu. Haina huruma, na haimwonei mtu haya. Kijana anayejua kwa nini jumla yake imepungua kwa mmoja ataweza kesho kutazama karatasi ya mshahara na kuuliza kwa nini siku zake zimepungua kwa tatu.

Zoezi hili lisihamishwe hata hivyo kama lilivyo. Vitabu vya Kichina vinazungumzia jiaozi na tambi. Mtoto wa Uvira anapenda ugali na ndakala, wa Lubumbashi anataka bukari na sombe. Ugali hauna jina la kawaida kwa Kichina, na hilo ni bahati, kwa sababu itabidi uelezwe: unga wa mahindi, yùmǐ miàn, na maji ya moto. Sombe ni mùshǔ yè, majani ya mihogo. Anayeweza kumweleza Mchina ugali ni nini amekwisha kuzungumza Kichina, hata kama maneno yake ni mia moja tu.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Zamani Wachina walisalimiana kwa kuuliza Nǐ chī le ma?, umekula? Katika darasa la Goma au la Bunia, swali hilo linaweza kumvua mtoto nguo mbele ya wenzake. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yanahesabu, miaka hii, Wacongo zaidi ya milioni 20 wenye upungufu mkubwa wa chakula, na wengi wao ni wakimbizi wa vita waliopokelewa katika familia ambazo nazo zina njaa. Mwalimu asiulize mwanafunzi alikula nini asubuhi, wala majina yasiandikwe kwenye karatasi. Aulize wanachopenda. Ama awatume sokoni kuandika bei ya kilo ya maharagi, ya kopo la unga, ya fungu la lenga-lenga, kisha watafute bei ya katikati kwa amri ya MOYENNE. Jedwali la namna hiyo, likifanywa kila mwezi, mama wa nyumbani naye atataka kuliona.

Watakaosema kwamba umeme hakuna na kompyuta hakuna wana haki, lakini nusu tu. Sehemu ya kwanza inahitaji karatasi na mdomo. Jedwali linaweza kujazwa kwenye simu moja kwa wanafunzi watano; simu hizo, kuanzia Tecno, nyingi zimetoka kwa kampuni ya Shenzhen na zinaweza kuandika pinyin. LibreOffice hailipiwi. Kinachokosekana hasa ni mwalimu wa Kichina na mwalimu wa informatiki kukubali kuingia katika chumba kimoja, saa moja kwa juma, na mkubwa wa shule kuwapangia saa hiyo.

Kwa mashule yaliyo karibu na migodi, hata kisingizio cha vifaa hakikai. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaamuru kila kampuni inayochimba kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kujadiliana nao cahier des charges. Mara nyingi wenyeji wanaomba jengo la shule, linajengwa, linapakwa rangi, picha zinapigwa. Vitabu na vyombo vya kufundishia vinasahauliwa. Wajumbe wa vijiji watakaokaa mezani mara nyingine waandike wazi: kompyuta kumi, sahani za jua za kuziwasha, na mafunzo ya walimu wawili kwa kila shule ya sekondari. Bei yake yote haifiki ya gari moja la mkubwa wa kazi.