Mpira wa Kikapu Haudundi Topeni

Miongoni mwa michezo yote waliyopata watoto wetu kwa njia ya shule na misheni, hakuna unaodai sakafu kama mpira wa kikapu. Maana kandanda hustahimili tope, mteremko na hata mawe, ilhali mpira wa kikapu usiporudi sawasawa mkononi mwa mchezaji haumfundishi kitu, hata akiwa na urefu wa mkalitusi.

Ithibati ya neno hili niliiona katika kiwanja cha shule moja kwenye vilima vya Masisi, kwetu Kivu Kaskazini, baada ya mvua ya alasiri: pete ya chuma iliyopigiliwa misumari juu ya shina la mti, bila wavu, na chini yake vijana wanane waliovua ndara zao wakipasiana mpira mkono kwa mkono, pasiwe na hata mmoja aliyejaribu kuudundisha, kwa kuwa kila ulipoanguka ulinata papo hapo. Mrefu wao aliupangusa kwa fulana yake kila mara kabla ya kuurusha, na mara nyingi zaidi ukaingia. Nikajiuliza kipaji kile kitakwenda wapi.

Tunisia imekwisha kulijibu swali hilo. Salah Mejri, aliyezaliwa Jendouba mwaka 1986, alichezea klabu ya Étoile du Sahel ya Sousse kabla ya kuvuka bahari kwenda Antwerp, nchini Ubelgiji. Kutoka huko akaingia Hispania, akaitumikia Obradoiro, kisha Real Madrid iliyotwaa ubingwa wa klabu za Ulaya mwaka 2015, na mwaka huohuo akawa Mtunisia wa kwanza kucheza NBA, akivaa jezi ya Dallas Mavericks. Wala safari hiyo ya klabu haikumtenga na bendera yake, kwani mwaka 2011, Tunisia ilipotwaa ubingwa wa Afrika kule Antananarivo, yeye ndiye aliyetajwa mchezaji bora wa mashindano, na mwaka uliofuata akawamo katika timu ya taifa kwenye Olimpiki ya London.

Baada ya hapo mavuno hayakukoma. Septemba 2021 Tunisia ilinyanyua tena kombe la Afrika mjini Kigali, na Mei 2022 klabu ya nchi hiyo, US Monastir, ikatwaa mjini humohumo ubingwa wa ligi ya kikapu ya Afrika. Mji ambao, laiti njia zetu zingekuwa na amani, kijana wa Sake, hukohuko Masisi, angeufikia kwa mwendo wa siku moja.

Sisi nasi tuna Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, aliyekwenda Marekani mwaka 2016 akiwa bado mtoto, akachaguliwa wa 7 na Golden State Warriors mwaka 2021, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa NBA. Twamwonea fahari, na ni haki yetu. Lakini fahari hiyo ina uchungu ndani yake, kwa sababu Mejri alianza kupanda ngazi iliyojengwa kwao, ilhali mtoto wa Kivu sharti kwanza aiache ardhi yake ndipo aonekane.

Najua atatokea mwenye kusema kwamba watu waliokimbia nyumba zao mara tatu, waliosikia mizinga Masisi na Walikale mwaka 2025, wanahitaji unga na dawa kabla ya kikapu. Ni kweli, wala sithubutu kuutanguliza mchezo mbele ya uhai. Lakini kijana asiye na mahali pa kwenda alasiri ana wengi wa kumwita, na aghalabu wa kwanza kumwita huwa na bunduki mkononi.

Ardhi ya Walikale hutoa madini ya bati ya Bisie, na ya Masisi hutoa koltani ya Rubaya, ambayo hubebwa mabegani na vijana wa umri uleule wa hao niliowaona. Basi siombi jambo kubwa kwa wenye mamlaka, kwa wafanyabiashara wa madini na kwa makanisa yanayosimamia shule zetu: sakafu moja ya saruji katika kila shule kubwa, pete mbili zenye ubao, mwalimu mmoja anayelipwa, na klabu ya wilaya itakayoshindana na zile za Goma njia zikifunguka. Yule kijana mrefu amekwisha kutimiza sehemu yake kwa fulana yake iliyojaa tope.